Leo Fender, fundi redio aliyelitia gitaa sauti

Nianze na jambo ambalo kila ninapolisimulia barazani watu hunitazama kana kwamba nawafanyia mzaha. Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa na mashini za kukuzia sauti zilizoenea dunia nzima hakujua kupiga gitaa. Hakujua hata kuzilinganisha nyuzi zake. Jina lake kamili ni Clarence Leonidas Fender, na wenziwe walimwita Leo. Sisi watu wa pwani haitupasi kuliona hilo kuwa ajabu sana, maana twaijua desturi ya taarabu yetu: anayetunga si lazima awe ndiye anayeimba. Malenga wa Mvita, Ahmad Nassir, alitunga, na Juma Bhalo akaimba, wala hakuna aliyemuuliza malenga mbona hashiki maikrofoni yeye mwenyewe. Bwana Fender naye alikuwa na nafasi ya namna hiyo, ila yeye hakutunga maneno. Alitunga sauti, na akaitunga kwa waya, lehemu na vali za kioo.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika shamba la michungwa la wazazi wake, baina ya miji ya Anaheim na Fullerton, huko California, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipata uvimbe jichoni. Jicho la kushoto likaondolewa, akatiwa la kioo, akaishi nalo maisha yake yote. Ni jicho hilo lililomfanya asichukuliwe jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kwa hivyo miaka ambayo vijana wenziwe walikuwa vitani, yeye alikuwa mezani kwake akilehemu. Walimfundisha piano utotoni, kisha akajaribu saksafoni, lakini vyote viwili havikumkaa mkononi.

Kilichomkaa ni umeme. Alikuwa na mjomba aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari katika mji wa Santa Maria. Mwaka 1922, Leo akiwa na miaka 13, mjomba huyu alimpelekea sanduku la vipande vya redio vilivyotupwa pamoja na betri ya gari. Baadaye kijana alipokwenda kumzuru aliikuta redio aliyoiunda mjomba kwa mikono yake, na sauti kubwa iliyokuwa ikitoka katika spika yake ilimwingia moyoni moja kwa moja. Tangu hapo ikawa kazi yake ni kufungua redio za watu na kuzifunga. Alipokuwa shule ya sekondari ya Fullerton, aliyomaliza mwaka 1928, alikuwa tayari anapata senti mbili tatu kwa kuzitengeneza.

Lakini msomaji asidhani kwamba alikwenda kusomea uhandisi. Alisomea uhasibu. Akaajiriwa na kampuni ya barafu, kwanza kuipeleka barafu kwa wateja, kisha kuandika vitabu vya hesabu. Katika siku hizo, mnamo 1932, kiongozi wa bendi moja ya dansi alimwomba amtengenezee mitambo ya kupazia sauti ukumbini, naye akatengeneza sita. Mwaka 1934 akamuoa Esther Klosky. Wakahama kwenda San Luis Obispo, alikopata kazi ya hesabu katika idara ya barabara. Kisha akaingia kampuni ya matairi. Hiyo ndiyo miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na kazi ilikatika kama ilivyokatika kwa maelfu ya wengine. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akarudi Fullerton, akafungua duka la kutengeneza redio. Kama hesabu zingemnyookea, pengine leo nisingekuwa na la kuandika.

Hapa yafaa nieleze kidogo hizo vali, kwa sababu vijana wa leo hawazijui, na bila ya kuzijua hutaelewa mtu huyu alifanya nini. Wenye umri wangu na zaidi watakumbuka redio kubwa ya mbao iliyokuwa ikiwekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kudarizi. Ukiiwasha haikusema papo hapo. Ulingoja ipate moto, na nyuma yake ukiona vichupa vya kioo vikianza kung'aa wekundu kama makaa. Hizo ndizo vali. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeivumbua ya kukuzia sauti, mwaka 1906. Ndani ya kichupa hewa imenyonywa. Katikati pana kipande kinachopashwa moto, nacho kikipata moto hutoa chembe za umeme. Kando yake pana bamba linalozivuta chembe hizo kwa nguvu za volti mamia. Na baina ya viwili hivyo pana kimia chembamba cha waya. Ishara dhaifu inayotoka katika gitaa hufikishwa kwenye kimia, nayo huruhusu na kuzuia mto wa chembe, mfano wa kidole cha mtoto kinachofungua na kufunga koki ya bomba kubwa. Kidole hakina nguvu, ila maji yanayotoka ni mengi, na yanamfuata kidole kila anavyokwenda.

Basi duka la Fullerton likawa kituo cha wanamuziki. Zama zile gitaa lilikuwa chombo cha kusikitikiwa. Likikaa pamoja na ngoma na tarumbeta halisikiki, na mpigaji akikaza mkono anakata nyuzi tu. Wenye bendi walimletea Leo mitambo iliyoharibika, naye akawa anaona kila siku kwa jicho lake moja mahali inapovunjikia: waya uliokatika kwa kutikiswa garini, kiungo kilicholehemiwa vibaya, mbao iliyoachana. Nionavyo mimi, chuo kikuu chake kilikuwa hicho. Wengine walianza na nadharia wakamalizia kwa mteja. Yeye alianza na mteja anayelalamika.

Mwanamuziki mmoja, Clayton Kauffman, aliyejulikana kwa lakabu ya Doc, alikuja na kitu chake kitengenezwe, wakawa marafiki, kisha washirika. Mwaka 1943 waliunda gitaa la mbao isiyo na uwazi ndani, kwa ajili tu ya kujaribia kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi. Wapigaji wa mjini wakalipenda hata wakawa wanalikodi. Wakaanzisha kampuni wakaiita K&F, wakiuza gitaa la Kihawaii, lile linalolazwa mapajani, pamoja na amplifaya yake ndogo. Lakini mwaka 1946 waliachana, na kisa cha kuachana kwao hunigusa. Leo alitaka kupanua, na kupanua maana yake ni deni. Doc aliyakumbuka maisha ya miaka ya dhiki, hakutaka kuingiza alichokuwa nacho katika jambo asilolijua mwisho wake. Akajitoa kwa salama, na urafiki ukabaki. Mtu aliyelelewa kuliogopa deni hatamlaumu Doc. Wala hatamlaumu Leo, ambaye alilibeba deni lile miaka kadhaa huku mshahara wa mkewe Esther, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya simu, ukiwasaidia kuvuka mwezi.

Kampuni mpya ikaitwa kwa jina la Fender. Kiwanda chake cha mwanzo kilikuwa mabanda ya mabati yasiyokuwa hata na choo. Wafanyakazi wakivuka kwenda stesheni ya reli. Mauzo yalikuwa mikononi mwa Don Randall, mfanyabiashara hodari kweli, na pengine bila yeye Leo angekufa fundi wa mtaani. Mwaka 1948 akaja George Fullerton kuwa mkono wake wa kulia, na mwaka 1953 akaingia Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii aliyejua pia kuchora ramani za mitambo.

Waliokuwa wakiunganisha waya ndani ya amplifaya aghalabu walikuwa wanawake, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Mwanamke alipomaliza kazi yake, jina lake liliandikwa katika kipande cha utepe na kubandikwa ndani ya chuma. Hata leo, mtu akifungua amplifaya ya miaka ya 1950 huenda akakuta jina la kike limeandikwa kwa kalamu ya risasi, na humo ndani viungo vyote bado vimeshika. Wenye magazeti walimwandika Leo, na mimi pia leo namwandika Leo, lakini mikono iliyolehemu ilikuwa ya kina mama wale.

Na namna walivyolehemu ndiyo sababu jina la Fender halikufa pamoja na vali. Leo alikuwa na imani moja: kitu kiundwe hivi kwamba fundi yeyote wa mtaani aweze kukifungua, kukiona chote, na kukitengeneza. Vipande vidogo, yaani rezista na kapasita, alivipanga juu ya ubao mwembamba wa fiba wenye safu mbili za vitundu vilivyotiwa pete za shaba. Miguu ya kipande huingizwa katika pete, lehemu ikamiminwa, waya zikatoka hapo kwenda kwenye soketi za vali. Karatasi inayoonyesha vali gani yakaa wapi ilibandikwa ndani ya sanduku. Hakuna siri. Kwa sababu hiyo mpaka leo, Marekani na Ulaya, watu huuziwa sanduku lenye vipande vyote wakajiundia nyumbani amplifaya ya ramani ya Fender, na wengi huanza na ndogo kabisa iitwayo Champ, ya mwishoni mwa miaka ya 1950.

Champ ina vali tatu tu. Ya kwanza, 12AX7, hupokea ishara ya gitaa na kuikuza mara mbili, kwa kuwa ndani yake mna vali mbili katika kioo kimoja. Ya pili, 6V6, huitia nguvu ya kuisukuma spika. Ya tatu, 5Y3, haigusi sauti. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda upande mmoja. Nguvu yake yote ni wati 5 hivi, spika yake inchi 8, na kitufe cha kuzungusha ni kimoja, cha sauti. Kazi ya kuiunda huanza na chuma kitupu: hufungwa kwanza transfoma mbili na soketi za vali. Ubao wa fiba hujazwa pembeni, juu ya meza, kisha hutiwa mahali pake. Waya za kupasha vali moto, za volti 6.3, husokotwa mbili mbili kama nywele za msichana, zikalazwa mbali na waya za ishara. Asiyezisokota atasikia mvumo usiokwisha. Kiungo kilicholehemiwa vizuri hung'aa. Kikiwa cha kijivu kilichofifia, kipashwe moto tena.

Yuko atakayesoma haya hapa Mvita au Malindi akataka kujaribu, nami simzuii, ila asikilize. Ramani ya asili ni ya stima ya Marekani, ambayo nguvu yake ni karibu nusu ya yetu, basi transfoma iwe ile ya kupokea volti 240. Pili, ndani ya kile kisanduku kidogo mna volti zaidi ya 300, na kapasita huziweka hata baada ya kuzima na kuchomoa. Fundi mwenye akili hupima kwanza, na huzimwaga kupitia rezista kabla ya kutia kidole. Aiwashe mara ya kwanza bila vali, apime, ndipo avitie vichupa. Na asiiwashe kamwe ikiwa na vali bila ya spika, ataunguza transfoma ya kutolea sauti.

Magitaa yake nitayapitia kwa haraka kwa kuwa yameandikwa sana. La mbao ngumu lilitoka mwaka 1950 likiitwa Broadcaster, jina likagongana na la ngoma za kampuni nyingine, likabadilishwa kuwa Telecaster mwaka 1951. Mwaka huo huo akatoa gitaa la besi la umeme, na wapigaji wa besi wakapumzika kubeba lile fidla kubwa kama kabati. Stratocaster ikafuata mwaka 1954. Amplifaya iliyotengenezewa hilo gitaa la besi, jina lake Bassman, hatimaye ilitiwa spika nne za inchi 10, na wapigaji wa gitaa la kawaida ndio walioipenda zaidi. Mapema katika miaka ya 1960, huko London, mwenye duka la ngoma aitwaye Jim Marshall na mafundi wake waliichukua ramani ya Bassman, wakaifuata karibu waya kwa waya, wakaunda ya kwao. Sauti ya miamba ya Uingereza iliyotikisa dunia mizizi yake ni Fullerton. Cha kuchekesha ni kwamba Leo mwenyewe aliichukia sauti inayopasuka. Alitaka sauti safi kama kengele. Vijana walizungusha kitufe hadi mwisho, vali zikalemewa, sauti ikakwaruza, wakasema ndiyo hiyo hiyo tunayoitaka.

Lakini kisa nikipendacho mimi ni cha Dick Dale, na nina sababu yangu. Kijana huyu jina lake la kuzaliwa lilikuwa Richard Monsour, babake mtu wa asili ya Lebanoni, na amu yake alikuwa mpiga udi. Kwa amu yake alijifunza ngoma ya tarabuka, na mwendo ule wa haraka aliuhamishia katika nyuzi za gitaa. Alikuwa mwenye mkono wa kushoto, akilishika gitaa juu chini na nyuzi zikiwa hazijabadilishwa. Leo alimpa gitaa na amplifaya azijaribu. Akaziunguza. Akapewa nyingine, akaunguza. Spika zilichanika na transfoma zikatoa moshi, moja baada ya nyingine, na kwa hesabu ya Dale mwenyewe zilifika kiasi cha hamsini. Leo hakuelewa, maana mezani zilikuwa zikifanya kazi vizuri. Ndipo siku moja yeye na Freddie Tavares walipokwenda ukumbi wa Rendezvous huko Balboa, wakasimama katikati ya maelfu ya vijana wanaocheza, wakasikia. Miili ya watu huimeza sauti, na meza ya fundi haina miili. Akarudi kiwandani akaunda amplifaya iitwayo Showman, yenye transfoma kubwa kupita zote alizowahi kutumia na spika ya inchi 15 ya JBL, kisha akafanya yenye spika mbili za namna hiyo. Mwaka 1962 Dale alirekodi Misirlou, wimbo wa zamani wa nchi za mashariki ya Mediterania ambao jina lake ni mwanamke wa Misri. Mtu aliyezoea kumsikiliza Zein l'Abdin akiupiga udi hatapotea humo; mwendo wa makamu ataujua hata kupitia vali na spika za Kimarekani.

Sasa nije kwenye msiba wake. Tangu katikati ya miaka ya 1950 Leo alikuwa na maradhi katika matundu ya pua na uso, maambukizo yasiyokubali dawa. Mwaka hadi mwaka yalimdhoofisha. Kufikia mwaka 1964 aliamini kwamba siku zake zimehesabika, na watoto hakuwa nao. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi mamia, na majengo juu ya majengo. Husimuliwa kwamba alimwambia Don Randall aichukue kwa dola milioni moja na nusu. Randall badala yake akatafuta mnunuzi mkubwa, na Januari 1965 kampuni ya utangazaji ya CBS ikainunua kwa dola milioni 13. Leo akatia saini pia kwamba kwa miaka kumi hatashindana nao.

Haukupita muda mrefu akapata daktari mwingine, akampa dawa nyingi kwa mpango tofauti, akapona. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na mitano, mzima wa afya, tajiri, na jina lake halikuwa lake tena. Alilikuta limeandikwa juu ya vitu ambavyo hakuvitengeneza, na wapigaji wengi walikuwa wakinong'ona kwamba vya tangu 1965 si kama vya kwanza. Sijui nimwonee huruma au niseme alishapata haki yake kwa hesabu ya benki. Yeye hakukaa kulia. Mkataba ulipoisha, mwaka 1975 alitangazwa rais wa kampuni iitwayo Music Man. Esther alifariki mwaka 1979 kwa saratani. Mwaka uliofuata Leo akamuoa Phyllis, na pamoja na George Fullerton akaanzisha kampuni ya tatu, G&L, herufi za majina yao wawili. CBS nayo ilichoka, na mwaka 1985 ikaiuza kampuni ya Fender kwa kundi la wafanyakazi wake wenyewe.

Mwisho wake ulikuja na ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Mikono ambayo tangu mwaka 1922 ilikuwa ikishika chuma cha kulehemu ilianza kumkatalia, lakini kila asubuhi alikwenda kiwandani G&L akaketi mezani. Alikwenda tarehe 20 Machi 1991. Alifariki siku ya pili yake, tarehe 21. Chumba chake cha kazi kiwandani kilifungwa, na kwa miaka mingi kikaachwa kama alivyokiacha, vifaa vikiwa juu ya meza.